Nyangumi Amenitoa Darasani

Osiri, Migori

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kutoka ziwani? Na kifua cha Baba kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Mama, sifundishi tena. Ilianza kwa somo la bayolojia, Kidato cha Nne. Kitabu kinasema nyangumi alitokana na mnyama wa nchi kavu mwenye miguu minne. Nilifundisha yote kama yalivyoandikwa. Kisha msichana mmoja, Adhiambo, akauliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba inanishinda. Pua ilihamaje hadi utosini? Mtoto alinyonyaje majini kabla mwili haujazoea? Lakini nikasema pia kwamba nyangumi ana vifupa vya nyonga ndani ya nyama, visivyoshika mguu wowote, kana kwamba miguu ilikuwepo zamani, na hivyo navyo sina la kuvisemea.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa shule akaniita. Walimu wenzangu wa sayansi walisema nawavuruga watahiniwa. Mzazi mmoja, mzee wa kanisa, alisema nawafundisha watoto kumkana Muumba.

"Madam, chagua upande mmoja uombe radhi," mkuu akasema.

"Upande upi?"

Akanifungulia mlango nitoke. Kesho yake jina langu halikuwa kwenye ratiba.

Nimezunguka shule zote hadi Awendo. Wakisikia ni mimi, nafasi imejaa. Sasa nawapikia wachimba dhahabu hapa Osiri, vumbi la mawe linaingia hadi kwenye sufuria. Nikipiga magoti kuomba, maneno hayaji. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko njaa.

Dada amenipigia simu. Anasema Sabato iliyopita Baba alisimama kanisani akashukuru kwamba binti yake amefukuzwa kwa kutetea neno la Mungu, na watu wote wakaitikia amina. Mama, tafadhali mwambie aache. Sikutetea chochote. Nilisema sijui, basi. Nimempigia simu mara nyingi nimweleze mwenyewe, nikisikia anavyofurahi nakata.

Nisalimie nyanya yangu, Dani, umwambie bado najifunika shuka alilonipa. Msalimie mjomba mwenye mashua, na shemeji, na watoto wake.

Eti Baba ameniombea nafasi ya kutoa ushuhuda Krismasi. Mama, mwambie sitakuja.

Ni mimi binti yako,
Atieno