Wito Nilioupuuza

Mkwe wangu mheshimiwa,

Baada ya salamu, madhumuni ya waraka huu ni kukuomba udhamini. Ninaandika nikiwa katika mahabusu ya mahakama ya mji, kwa kosa la kupita taa nyekundu kwa pikipiki na, zaidi, la kutoitikia wito.

Wito niliupokea. Kwa kuwa uliandikwa vibaya, niliusahihisha kwa kalamu yangu, nikaurudisha, nikangoja ulio fasaha. Leo hakimu ameuinua mbele ya watu. "Mzee, mikato yote umeiona. Tarehe ya kuja hukuiona?" Hata askari walicheka.

Nitaachiwa Alhamisi iwapo ndugu atafika kuniwekea sahihi. La sivyo nitabaki ndani hadi kesi itajwe mwezi ujao. Sina mwingine wa kumwendea. Nakumbuka barua yako ya kumposa binti yangu niliirudisha mara mbili kwa sababu ya herufi. Makosa yalikuwa machache; nilitaka tu uniogope. Yeye sijamwambia niliko, maana maneno yamenikataa.

Naomba uamuzi wako kabla ya Alhamisi: utakuja, au hutakuja?

Mimi, baba mkwe wako.