Kwa Nini Nilimfokea Mkeo

Mjukuu wangu Munene,

Babu yako hajambo na ng'ombe amezaa. Eti nimwombe mkeo msamaha kwa kumfokea kwa simu? Anataka mkija mlale hotelini Embu. Kwani kwangu kuna nini?

Nikiwa msichana hapa Kianjokoma, wamisionari wawili wa Kimormoni, mume na mke wazee kutoka Amerika, walikataa chai ya mama yangu. Dini yao hairuhusu. Mama alikasirika sana, lakini akawaletea maziwa kwa upole. Baadaye yule mama mzee akaja kutusaidia kuchuma majani chai. Alijaza kikapu majani magumu, karani wa kununua chai akayakataa yote. Mama akamfokea kama alivyotufokea sisi watoto wake. Kesho yake yule mama mzee akarudi shambani.

Wageni hatuwafokei, Munene. Kitanda kimetandikwa. Mkeo aje na viatu vya shambani, gumbuti, nimalize kumfokea.

Cucu wako