Nguzo ya Kwanza

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimeamka na kuku tena. Miaka ishirini na mbili na bado nalala jikoni kwa Mama, majivu puani. Aibu tupu. Nguzo nimekata kumi na nne, zimekauka, nyasi pia. Nataka simba yangu, nyumba ya kijana, mlango wa kufunga mwenyewe. Kimebaki kitu kimoja: Baba achimbe shimo la kwanza na asimamishe nguzo. Bila mkono wake hakuna nyumba. Anasema sijakomaa. Uongo! Anajua nikipata nyumba nitadai na shamba.

Jumapili, 12 Machi
Aliahidi leo. Nimengoja na jembe mpaka jua la utosini. Akapita kando yangu akienda kunywa, hata hakunitazama. Namchukia.

Jumanne, 14 Machi
Nimechimba mwenyewe. Nguzo imesimama wima kabisa. Mdogo wangu Odhiambo akaogopa: "Omera, ndugu yangu, unamzika mzee na yuko hai?" Maana anayechimba bila baba ni yule aliyefiwa. Nilijua. Nikashindilia udongo kwa mguu.

Jumatano, 15 Machi
Baba ameing'oa mbele ya majirani. Hakupiga kelele. Akampa Mama zote kumi na nne, apikie. Mama alipasua kuni huku analia. Ugali ukaiva kwa nguzo zangu. Nami nikaula, mjinga mimi, nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 3 Aprili
Migori mjini. Nabeba magunia kwa kinu cha posho. Chumba ni cha mabati, mchana ni tanuri. Nimepika uji ukaungua, nikaunywa vivyo hivyo. Bega limechubuka. Nyumbani Uriri sirudi. Hapana.

Ijumaa, 26 Mei
Ugali wangu hauna madonge siku hizi. Hakuna wa kumwonyesha.

Jumapili, 17 Septemba
Baba amekuja. Sijui nani alimwelekeza. Nikamkalisha kitandani, kiti sina. Nikapika ugali na omena. Nikadhani amekuja kuniita nyumbani. Akala, akamaliza, akanawa.

Ndipo akasema Odhiambo ana simba tangu wiki jana. Nguzo ya kwanza amemsimamishia yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hajengi kamwe, isipokuwa mkubwa amekufa. Odhiambo anajua hivyo. Mama anajua. Uriri nzima inajua.

Nilitaka kumuuliza basi amekuja kwa nani. Nikamuuliza kama ameshiba.

"Nimeshiba," akasema. "Chumvi tu ndiyo kidogo."

Nikamsindikiza mpaka stendi. Hakugeuka. Nimerudi, nimeosha sahani.