Siku Mama Alipoingia kwa Firauni kwa Mguu wa Kushoto

Jumamosi, Ibra. Baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Jua la leo halikuwa na nguvu, na sasa limeshakuchwa, na mimi nina chai ya tangawizi na miguu iliyovimba.

Shajara yangu, nimerudi. Mimi na Mama tumefika juzi kutoka Misri, begi moja limebaki Kairo na mpaka sasa hatujui liko kwa nani. Lakini sikukaa hapa kuandika habari za begi.

Nimekaa kuandika kwa sababu nimegundua kuwa nilikuwa mjinga kwa miezi minane.

Wasomaji wa zamani wa ukurasa huu wa mtandaoni mnajua kuwa Baba alifariki mwaka jana. Alizikwa kwao, Al Qabil. Walimzika wanaume, kama ilivyo desturi yetu, sisi wanawake tukabaki nyumbani na misahafu na birika za kahawa. Siku ya tatu ya matanga nikamwambia kaka yangu Seif kuwa nataka kaburi la Baba litiwe jiwe lenye jina lake. Huku makaburi hayaandikwi. Huwekwa mawe matupu ya mlimani, basi. Seif akasema Baba amezikwa kama walivyozikwa wazee wake, na yeye hatamtofautisha.

Hapo nikasema neno. Kwa ulimi wangu huu, ambao Mama anasema ungefaa kukatia nyama, nikamwambia mbele ya wajomba na mashangazi: "Wewe unataka asahaulike upesi, ukae na shamba lake la mitende."

Nilisema hivyo, wallahi. Kwa ndugu yangu aliyemlaza Baba kaburini kwa mikono yake. Tangu siku hiyo mimi na Seif tukawa watu wa salamu ya Idi.

Sasa, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumuuliza, nilikwenda makaburini peke yangu kwa siri. Nilikuwa nimemsikia Seif akimwelekeza mtu kwa simu: upande wa ukuta, karibu na mkunazi. Nikalikuta kaburi jipya hapo, udongo wake bado umefura. Nikakaa nikalia mpaka nikatosheka. Kila baada ya wiki mbili nikawa nakwenda. Naondoa miba, nasoma Yasin, namhadithia Baba habari za skuli ninayosomesha. Hata Seif nilimsengenya pale pale.

Na jengine la kukiri. Kabla ya safari nilimwambia Mama nakwenda Nizwa kwenye semina ya walimu. Semina gani! Nilikwenda Firq, kwenye karakana za kukata mawe, nikamchongeshea Baba jiwe la marumaru ya kijivu, jina lake na la baba yake na la babu yake. Wakalifunga kwa blanketi, wakalitia nyuma ya gari yangu. Niliazimia nikirudi kutoka Misri nilisimike kimya kimya, Seif akiliona, ameliona.

Safari yenyewe aliitaka Mama. Alipotoka eda akasema kuwa tangu yuko skuli Unguja, msichana wa vikuku miguuni, aliona picha ya nguzo za Misri kwenye kitabu cha mwalimu, na anataka kuziona kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Kwa hiyo tukajiandikisha ziara ya siku nzima kule Luxor, alfajiri mpaka magharibi, na mtembezaji anayesema Kiarabu. Ustadh Ashraf jina lake, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya muadhini. Mama alimpenda hapo hapo kwa sababu alimfungulia mlango wa gari na kumwita mamangu.

Mambo yakaharibika kwenye mlango wa kaburi la kwanza, katika lile bonde la wafalme.

Mama alisimama, akauliza huyu aliyezikwa hapa ni nani. Ustadh Ashraf akaanza kutaja jina refu. Mama akamkatiza: "Ni Firauni au si Firauni?" Akaambiwa ni mmoja katika mafirauni, walikuwa wengi, na si lazima awe yule wa Nabii Musa. Mama akafikiri. Khalafu akakusanya baibui lake, akavuta audhubillahi ndefu, akaingia kwa mguu wa kushoto, kama mtu anayeingia chooni. Nikaona haya, nikatazama mlima.

Lakini ndani, jamani. Njia inashuka, inashuka, na kuta mbili zote zimejaa picha na maandishi toka juu mpaka chini, hapana pahala pa kuweka kiganja. Rangi mbichi! Nyekundu, manjano, kijani, utasema fundi ametoka kwenda kula chakula cha mchana na atarudi sasa hivi. Dari la chumba cha mwisho ni buluu ya giza, na nyota za manjano juu yake hazina hesabu. Nilisimama shingo imekakamaa. Mimi nikipaka ukuta wa jikoni, mwaka wa pili umeshabanduka.

Mama alizungusha macho dari zima. Mwisho akasema, "Subhanallah. Ndiyo maana akajiona mungu, maskini."

Kutoka hapo tulikwenda kwenye hekalu la yule malkia aliyetawala kama mfalme. Limejengwa kwa ngazi kubwa kubwa chini ya jabali, na jabali lenyewe ni lile lile letu la Nizwa, kavu, lisilo mchezo. Nililipenda mno. Ustadh Ashraf akatuonyesha pahala ukutani palipoparuliwa kwa patasi. Alisema aliyetawala baada ya malkia aliamrisha jina lake lifutwe, kwa sababu kwao mtu ambaye jina lake halitajwi amekufa mara ya pili.

Ewallah! Nilimtazama Mama kwa jicho la ushindi. Nikasema moyoni, laiti Seif angekuwepo hapa asikie.

Mama akafungua pakti ya biskuti.

Baada ya adhuhuri ndipo tulipopelekwa kwenye kijiji cha mafundi, wale waliochimba na kupaka makaburi ya wafalme. Wao nao, siku zao za mapumziko, walijichimbia makaburi yao wenyewe. Ngazi nyembamba, dari la kuinamia. Ustadh Ashraf alimwambia Mama abaki juu kivulini. Mama akamwambia hakutoka Ibra kuja kukaa kivulini. Akashuka kwa kukaa, daraja moja baada ya moja, anajiburura kama mtoto, baibui lote vumbi, na mimi nyuma yake nimemshika mabega.

Chumba chenyewe hakizidi stoo yetu. Lakini nasema kweli, pale ndipo roho yangu ilipopenda kuliko kwa wafalme wote. Fundi amejipaka yeye na mkewe, wanavuna shamba lao, mkewe anafuata nyuma. Chini yake amepaka mitende imezaa, makole ya tende yananing'inia. Hapana vita, hapana mateka waliofungwa kamba. Mtu na mkewe na shamba, basi. Mama aligusa hewa mbele ya ule mtende, asiuguse ukuta, akasema, "Huyu alikuwa mtu wa kwetu."

Ustadh Ashraf akatueleza namna ya kutambua picha: aliyepakwa rangi nyekundu ya udongo ni mwanamme, aliyepakwa ya manjano ni mwanamke. Mafundi walifuata hivyo, asiyejua kusoma naye ajue.

Mama akatikisa kichwa kama mwalimu aliyejibiwa vizuri. "Kama kwetu Oman," akamwambia. "Sisi hatuandiki jina, lakini kaburi la mwanamme lina mawe mawili, la mwanamke lina mawe matatu. Ukipita unajua."

Nikaacha kutazama mitende.

Mimi nimekulia Maskati, mambo haya ya bara sikuyajua. Nikamuuliza Mama una hakika? Akanitazama. Nikamuuliza tena, mawili ni mwanamme? Akasema, "Zuwena, una nini wewe?"

Mawe ya lile kaburi nayajua kama meno yangu. Moja kichwani, moja miguuni, na moja katikati ambalo nilikuwa naegemea mkono wangu nikisoma Yasin.

Matatu.

Miezi minane nimelia juu ya kaburi la bibi wa watu. Na ningerudi Oman, ningekwenda na lile jiwe la Firq, nikamsimikia mwanamke nisiyemjua jina la baba yangu na babu yangu. Angekuja mumewe, angekuja mwanawe siku ya Ijumaa, angelikuta. Nilikaa chini kwenye daraja la ngazi ya kaburi la fundi yule nikamwambia Mama yote: makaburini, Firq, gari, blanketi.

Nilitegemea matusi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na mlinzi akaja juu akamkemea kwa kushika ukuta. "Basi bahati yake huyo bibi," alisema akifuta machozi. "Amepata Yasin za mtu asiyemjua, na habari za Seif juu yake." Khalafu kicheko kikamwisha, akanishika mkono. "Lakini babako hujamwona bado, mwanangu. Na anayejua alipo ni mmoja."

Alasiri tulikwenda kwenye nguzo za Karnak, zile za picha ya kitabu. Nguzo moja watu sita wakishikana mikono hawaizunguki, na ziko msitu mzima. Mama alitembea katikati yake taratibu, uso umeinuka, na nilimwona yule msichana wa vikuku. Nafurahi kwamba nilimpeleka. Mimi nilizitazama, nikazishangaa, na akili yangu yote iko kwenye simu iliyomo mkobani.

Leo asubuhi nimempigia Seif. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri. Alipoitikia nilisema tu, "Kaka, nimempoteza Baba. Nionyeshe alipo."

Akasema, "Nakuja baada ya alasiri."

Alikuja. Garini nikamtaka radhi kwa neno la shamba, nikamwambia na habari ya jiwe la Firq. Aliendesha mpaka tukapita kituo cha mafuta. Khalafu akauliza, "Zito?" Nikasema watu wawili ndio walioliinua. Akasema, "Basi mgongo wako umesalimika." Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tumekubaliana likae stoo kwa sasa.

Pale makaburini nilimtolea salamu kwanza yule bibi wa mkunazi, maana tumeshazoeana. Seif akanipeleka hatua chache mbele, tukiuacha ukuta nyuma yetu. Mawe mawili, si makubwa, moja lina ufa. Baba.

Sikulia kama nilivyodhani. Nilikuwa namtazama Seif. Alikuwa amerudi ukutani, akaanza kuja pole pole, midomo inamcheza, kidole kinaonyesha kaburi moja baada ya jengine. Alipofika kwa Baba akarudi tena ukutani, akaanza upya.

Nikamuuliza anafanya nini. Akaona haya, mtu mzima wa ndevu nyeupe.

"Nahesabu," alisema. "La saba kutoka ukutani. Kila Ijumaa nahesabu mara mbili. Watu wanazikwa, mawe yanahama mvua ikinyesha. Nakhofu siku moja nisije nikampoteza."

Na mimi nilimwambia mtu huyu, mbele ya watu, kuwa anataka Baba asahaulike.

Ijumaa tunakwenda pamoja. Nimemwambia nitahesabu mimi, yeye anyamaze, asinikoroge.