Baba Alikataa Kuhama Ukingo wa Mto

Mosocho

Kaka yangu Mokua,

Nakusalimu huko Mombasa. Huku ndizi zimezaa vizuri, na mwanangu Linda ameota meno.

Tangu mto ubomoe nyumba za majirani, tumekuwa tukikutana kanisani, na tukachagua kamati. Tulikubaliana wenyewe kwamba wote wa ukingoni wahamie juu, na huku chini tupande mianzi ya kushika udongo. Ni baba peke yake aliyekataa.

"Mama yenu amezikwa hapa," alisema. "Nimwache achukuliwe na mto?"

Jana mchana mvua kubwa ilinyesha tena. Filimbi ya hatari ya kamati ikalia, watu wakapanda juu, baba akajifungia ndani. Niligonga mlango huku maji yakinifika magotini.

"Usipotoka, baba, na mimi siondoki," nikamwambia. "Tutakufa wawili."

Akafungua. Akanishika mkono, tukapanda juu.

Nyumba haipo tena, Mokua. Kaburi limepona. Tulilala kanisani, na baba hajanisemesha hadi sasa. Lakini asubuhi nilimsikia akiwauliza wanakamati, "Sasa mimi nitajenga wapi?"

Mpigie simu. Usimuulize habari za nyumba.

Dada yako,
Nyamusi