Injini ya Baba na Mdomo wa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu, na hao watoto wanaoniita shangazi kwa mbwembwe kwenye simu lakini wakiniona wanajificha nyuma ya mlango. Natumaini kifua cha wifi kimeachia na baridi ya huko imepungua. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akikaa sana kwenye cherehani, Baba anakula vizuri na anabishana na redio kama kawaida yake, na mimi nipo, bado narudi nyumbani vidole vimejaa wino wa kiwanda cha uchapaji.

Najua unachosubiri ni habari za gari, na najua umechoka kuambiwa kwamba fundi bado anatazama. Si kwamba nilikuwa nakuzungusha. Kuna mambo nikitaka kuyaanza kwenye simu sauti inanigoma, hivyo nimeona niyaandike, tena kuanzia mwanzo, hata kama mengine unayajua.

Siku yenyewe tulikuwa tunapeleka mapazia. Unajua utaratibu wao tangu Baba astaafu kuendesha mabasi: Mama anashona, Baba anapeleka, na Mama lazima awemo garini, maana mteja akilalamikia pindo, Baba humjibu kama abiria aliyegoma kulipa nauli. Mimi nilikuwa nyuma, nimezikwa ndani ya vitambaa, Abiria wako yule yule, jina ulilonipa mwenyewe. Mama alikuwa anaongea. Unamjua akishafunga mkanda: huyo mama mwenye ndoo anataka kuvuka, duka la rangi leo wamefungua mapema, pikipiki hiyo kushoto ina haraka ya nini, wale watoto wa shule mbona hawatazami. Wewe mwenyewe ulipokuja likizo ulisema gari hili liliwekewa redio ya bure, Mama anatosha. Tulicheka sote, na Baba alicheka kutushinda.

Tulikuwa tumemaliza kupanda ule mlima mrefu wa hospitali, ndiyo tunaanza kushuka, nikasikia mlio. Mwanzo ulikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Punde ukawa kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Kisha kitu kikapasuka, moshi ukafunika kioo cha nyuma, na injini ikanyamaza kabisa huku gari likizidi kuteremka. Usukani ulikuwa mzito, niliona mishipa ya mikono ya Baba ikisimama. Mama hakupiga kelele. Alimwambia kushoto kuna nafasi, asogee, asogee tena kidogo, hapo, asimame. Gari likasimama pembeni kwa upole kama limefika nyumbani. Niliposhuka niliona oili imechora mstari mweusi kutoka kileleni hadi miguuni petu.

Gari lilivutwa hadi gereji kwa yule fundi tunayemwita Kesho, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe yake ya kumaliza kila kazi. Alifungua boneti, akachungulia, akawaita vijana wake. Kisha wakaitoa injini kwa cheni na kuiinua hewani. Ubavuni mwake mlikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingeingia. Kesho alieleza kwamba konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikatika ikatoka nje kwa kuutoboa ukuta wa injini, ukuta mnene kuliko kidole gumba changu.

Kaka, sijui kama umewahi kuona injini ikifunuliwa. Mimi sikuwahi. Silinda zilizopona zilikuwa zinang'aa kwa ndani, laini mno, hadi nikaomba ruhusa ya kuzigusa. Miaka yote nimekaa nyuma ya kitu kile nikitafuna karanga na kulalamika joto, kumbe mbele yangu moto unawaka na kuzimwa, unawaka na kuzimwa, upesi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, na chuma kinapanda na kushuka bila kukosea, ili sisi tupeleke mapazia. Nilisimama mdomo wazi mpaka Kesho akaniuliza kama natafuta kazi.

Kama ulivyoagiza, nilikwenda kwa waliotuuzia. Bwana wa dawati la huduma alinisikiliza vizuri, akaniletea hata kiti. Akasema dhamana imeshakwisha, na hata ingekuwepo, wangeuliza kwanza kwa nini gari liliendeshwa bila oili. Nilitoka pale nimefura. Jioni nilipokuelezea ulifura zaidi, ukasema utawaandikia wakubwa wao, halafu ukasema kwamba kosa ni lako, kwamba umewanunulia wazazi wako jeneza lenye magurudumu. Hilo neno, Kaka, ndilo lililonikalisha niandike barua hii.

Kesho aligundua kwamba kuna sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, chini ya injini iliyokuwa ikivuja pole pole. Alisema oili haikuisha siku ile wala siku iliyotangulia, na kwamba ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi lazima ilikuwa ikiwaka muda mrefu tu. Baba akasema haikuwaka. Mimi nikaona tumewapata wauzaji: taa ni mbovu, na hilo ni kosa la kiwandani. Nikamwambia Kesho aipime mbele yetu sote ili niwe shahidi wako.

Baba akaketi kwenye kiti cha dereva akafungua swichi. Mama alisimama kwenye mlango wa upande wake, mimi nikachungulia kwenye dirisha la Baba. Kesho akaushika ule waya wa taa ya oili uliobaki ukining'inia, akaugusisha kwenye bodi ya gari, maana hapo taa ikiwa nzima lazima iwake. Baba alitazama dashibodi kitambo, akatuambia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba si mnaona, haiwaki.

Ilikuwa inawaka. Ilikuwa nyekundu, pale chini kwenye kona, na mwanga wake ulikuwa umeangukia shati lake. Kesho alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama. Mama akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Inawaka, mume wangu."

Tulipofika nyumbani Baba aliketi mezani na kutueleza mwenyewe. Giza lilianzia pembeni, baada ya kustaafu, likawa linasogea kidogo kidogo. Sasa anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lina viraka. Tumeshampeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Dawa ya matone italinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi.

Na Mama alijua. Siku moja nusura Baba amgonge mwendesha baiskeli, na Mama akapiga kelele kwa wakati. Siku iliyofuata walipotoka alianza kusema mapema, kabla ya hatari. Siku ya tatu akasema zaidi. Hawakuwahi kulizungumza, si garini wala nyumbani. Yeye alisema na Baba aligeuza usukani, basi. Yale yote tuliyoyaita umbea wa barabarani, ndoo, pikipiki, duka la rangi, ndiyo yaliyokuwa macho ya Baba. Duka la rangi, Kaka, ndipo pa kukata kulia. Mama aliilinda barabara yote ya nje, lakini vilivyomo ndani ya gari alivihesabu kuwa ni vya Baba. Ndiyo maana taa ya oili haikuonwa na mtu.

Nisikufiche, niliwafokea. Sijawahi kumpandishia Baba sauti, siku hiyo nilimpandishia. Niliwauliza kuhusu wale watoto wa shule. Mama alisema kila asubuhi aliwaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho avuke, na kila jioni alijiambia kwamba leo ndiyo mwisho, na asubuhi akashindwa kumwambia dereva wa maisha yake yote kwamba hawezi tena kuendesha. Nilikuwa na hasira na woga, na papo hapo nilikuwa nawatazama wazee hawa wawili kama nilivyoitazama ile injini, nikijiuliza hivi jambo kama hili linawezekanaje, na lilikuwa mbele yangu miaka yote.

Mama alitaka wewe usijue, akihofia utavunjika moyo. Baba ndiye aliyekataa. Ameniagiza nikuandikie, na maneno yake ni haya: gari ulilompa halikuwa bovu hata kidogo, usiwaandikie wale watu, na usilitamke tena lile neno la jeneza. Leseni yake ameikunja kwenye kitambaa akaiweka kabatini, hakutaka mtu amsaidie.

Injini nyingine, iliyotumika lakini nzima, imeshafungwa. Na dereva mpya ni Mama. Usicheke. Amejiandikisha shule ya udereva, darasani anakaa na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake, na jioni Kesho hutufungulia uwanja wenye ukuta ulio nyuma ya gereji ili afanye mazoezi. Baba hukaa kando yake amefumba macho, anaisikiliza injini, na kumwambia aingize gia ya pili sasa, apunguze, asikanyage klachi kama pedali ya cherehani. Mimi niko nyuma, nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Ila Mama hajaacha kuongea. Uwanja mtupu, lakini yeye anasema paka amelala juu ya tairi, Kesho amevaa kofia ya mkewe, jua limegusa ukuta. Jana nilimuuliza kwa nini anamsimulia bado, na sasa usukani anao yeye. Akajibu bila kutoa macho mbele kwamba zamani alimwambia ili wasigonge, na sasa anamwambia ili aone. Baba alitabasamu macho yakiwa yamefumbwa, akamkumbusha gia.

Basi Kaka, lala usingizi, na uje. Mama ameapa kwamba atakuja kukupokea yeye mwenyewe, na wewe utakaa nyuma na mimi, kimya, umsikilize. Mbusu wifi kwa ajili yangu, na waambie watoto shangazi hang'ati.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Abiria