Mashahidi Wawili kwa Kabange Mumoja

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Kura ya umeme ilirudi saa tatu. Nikaendelea pale nilipoachia: majina ya kambi ya tatu, watu waliokimbia vita upande wa Nyunzu. Vumbi tele kwenye klavye ya kompyuta. Papa Ilunga, mukubwa wa biro, ofisi yetu ya kutafuta watoto waliopotea, anapita na kupita nyuma ya kiti changu. Anapumua tu. Ananichokesha.

Mama Ngoie amekuja tena. Kila Jumatatu anakuja, na binti yake Kyungu anamushika mukono. Kyungu ana pacha, Kabange. Kabange alipotea njiani siku ile ya kukimbia. Mama anauliza neno moja: "Bado?" Namujibu: "Bado, Mama." Ninalichukia hilo neno.

Jumatano, tarehe 9

Programe yangu ya kuunga jamaa imetembea! Ee Mungu wangu. Niandike sasa, nisisahau nilivyosikia mwilini.

Wazo lenyewe dogo. Kila muntu nimemufunga kamba kwa jamaa yake mumoja anayemujua. Mutoto kwa mama, mama kwa kaka yake, kaka kwa baba. Ukitaka kujua kama watu wawili ni jamaa moja, unapanda na kamba ya huyu, unapanda na ya yule, mupaka juu kabisa. Ukikuta kichwa kimoja, basi ni ndugu. Kwetu njo tunavyofanya tukikutana kwa kilio: wewe uko wa nani, na huyo wa nani? Nilifundishwa hii kwa chaki, miaka ya masomo, nikasinzia. Sikujua inaweza kupumua.

Nikabonyeza. Majina yakaanza kukusanyika, jamaa kwa jamaa, kama kuku walioona mahindi. Mumoja yuko Pepa na ngombe za watu, mwengine Kabalo. Kumbe muntu na mujomba wake! Nikasimama, mikono juu ya kichwa. Papa Ilunga akauliza kama nimefiwa. Nilikuwa nacheka na machozi yanatoka.

Alhamisi, tarehe 10

Kabange ameonekana! Kambi ya ngambo ya muto Lukuga. Jina njo hilo, umri njo huo, anatoka upande wa Nyunzu, mama yake anaitwa Mama Mapasa. Na Mama Ngoie, kambi nzima inamwita Mama Mapasa. Programe inasema: kichwa kimoja.

Nilisema tungoje, tumuulize mutoto maneno mengine kwanza. Nilisema kwa sauti ndogo. Papa Ilunga alikuwa ameshashika telefone. Sikumuzuia. Hata mimi nilitaka sana.

Ijumaa, tarehe 11

Si yeye.

Kule ngambo, mutoto alipoona mwanamuke anakuja, alimukimbilia, mikono wazi. Akafika karibu. Akasimama. Mama Ngoie akamutazama uso, akamutazama Kyungu. Mapasa wake, hao mapacha, ni uso mumoja, hata yeye zamani alikuwa anawakosea. Akasema: "Huyu si wangu." Halafu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mutoto akamushika kikwembe alichojifunga. Tulipotaka kumuondoa hakuachia.

Papa Ilunga aligeukia ukuta. Muntu muzima, mabega yanatetemeka.

Nasikia haya. Nasikia hasira pia, na sijue niikasirikie mashini ao mimi mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 12

Nimepanda mimi mwenyewe mupaka kwa kichwa cha ile jamaa. Ayi! Karibu nusu ya watu wa kambi zote wako ndani. Waluba, Watabwa, Waholoholo, Wabembe, wote jamaa moja! Na juu yao mwanamuke mumoja, mama wa wote: Mama Mapasa.

Mujinga mimi. Nimezaliwa Kalemie, nimekulia Kalemie. Si najua? Mwanamuke akizaa mapasa, jina lake limekwisha. Bwana yake anamwita Mama Mapasa, sokoni Mama Mapasa, kanisani Mama Mapasa. Na mapasa wenyewe, kwa Waluba, hawatafutiwi jina: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, basi. Mutoto akiulizwa mama yake ni nani anajibu Mama Mapasa, na hasemi uongo. Mashini ikaamini ni mwanamuke mumoja mwenye uzazi wa ajabu.

Dada yangu mwenyewe ni Mama Mapasa. Leo ilibidi nifikiri kidogo ndipo nikakumbuka jina lake la ubatizo.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaogopa. Kamba moja ya uongo, na muji muzima ukafungwa pamoja.

Jumapili, tarehe 13

Kwa Shangazi, walikuja kumuchumbia binti yake. Upande wa bwana alifika muzee mumoja tu, akasema yeye anatosha. Shangazi akakataa kabisa. Shahidi mumoja si shahidi, alisema, kesho akikana nitamushika nani? Wakangoja wa pili. Mvua ikanyesha, wakangoja. Bukari, ule ugali wa wageni, ikapoa.

Nikaacha sahani yangu mbele ya watu. Shangazi ataninunia wiki nzima. Lakini njo ile dawa niliyotafuta! Hakuna jamaa mbili kuungwa kwa kamba moja. Zitakiwe mbili: jina pamoja na kijiji, ao jina pamoja na kazi ya muntu. Ikipatikana moja tu, programe inyamaze.

Jumanne, tarehe 15

Nimekata kamba zote, nimefunga upya. Ile jamaa kubwa imevunjika vipande vipande. Vizuri. Lakini Mama Ngoie amebaki na Kyungu tu, na kaka mumoja aliye Kabalo, ambaye bado hatujathubutu kumutajia. Kabange hakuna.

Jana Jumatatu hakuja. Heri angekuja anitukane.

Wakubwa wamemuandikia Papa Ilunga: tukimuletea tena mama mutoto asiye wake, mashini inafungwa, tunarudi kutafuta kwa mudomo. Wana haki. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 17

Majina ya Kabimba yamefika na boti. Nimeyaingiza, nikabonyeza, nikatazama pembeni. Nilipogeuka kulikuwa na mustari mumoja mupya.

Kabimba, kwa mujane mumoja karibu na kiwanda cha simenti, kuna mutoto Kabange. Jina la mama halijui, anasema tu Mama Mapasa. Lakini bibi yake anamujua: Bibi Nyembo, muuza mawese. Kule Kabalo kuna Kasongo, yule kaka, anatafuta dada yake. Mama yake ni Nyembo, muuza mawese. Dada yake ni Ngoie, wa kijiji kile kile alichotaja Mama Ngoie. Mutoto, bibi, mujomba, mama. Kila pahali kamba mbili.

Watu hawa wametawanyika, mutoto hajui mama yuko wapi, mama hajui kaka yuko wapi. Na programe niliyoiandika kwa vidole hivi ilipanda toka Kabimba, ikapita Kabalo, ikashuka hapa kambini kufumba na kufumbua. Nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti sakafuni. Sikuomba. Kuna kitu kikubwa kuliko mimi ndani ya jambo hili, na sina jina lake.

Mama hatujamuambia. Papa Ilunga aliomba picha kwanza. Rezo ya simu ilikuwa mbaya, picha ikafunguka polepole toka juu. Paji la uso. Macho. Mudomo. Papa Ilunga akasema kwa sauti ya chini: "Kyungu." Tukatazamana. Kyungu yuko hapa hapa kambini na mama yake.

Jumamosi, tarehe 19

Boti ya Kabimba ilifika saa sita, Kabange ndani. Mapasa walisimama uso kwa uso. Kyungu akamugusa mwenzake sikio, mwenzake akamugusa lake. Walikuwa wakijipima.

Mama Ngoie hakulia. Alikaa chini, akashika miguu ya Kabange, akageuza nyayo, akazitazama, moja, halafu nyingine. Wamama wa bandarini walipiga vigelegele mupaka wabeba mizigo wakaacha kazi. Papa Ilunga alilia wazi, bila ukuta.

Ninajua kila mustari wa ile programe. Bado siamini.

Jumatatu, tarehe 21

Mama Ngoie amekuja biro. Nilishtuka kumuona. Amekuja juu ya yule Kabange mwengine, wa ngambo ya Lukuga. Anataka akae kwake mupaka mama yake apatikane. Papa Ilunga akamukumbusha kwamba yeye mwenyewe anakaa chini ya hema. Mama akajibu: "Alinikimbilia mimi, Papa. Nilale namna gani?"

Wakubwa wamekubali. Mutoto ameletwa kabla ya saa saba. Sasa chini ya hema kuna Kabange wawili, na Kyungu anawacheka wote.

Ilibaki mimi kuingiza. Kamba ya damu haiwezekani, ingeharibu kazi yote. Nimetengeneza kamba ya aina ingine, isiyopanda kwa kichwa chochote. Nimeipa jina "anakaa kwa". Imenichukua mchana muzima, na kwa leo iko na muntu mumoja tu.

Mama yake tunaendelea kumutafuta.